Jina Asilolitamka Mama

Jumatatu, 2 Juni

Mzee Benjamin, mlinzi wa ofisi yetu hapa Mtinko, ametapeliwa. Na sauti ya mtoto wake mwenyewe!

Naandika yote aliyosema, maana kuandika hunituliza. Jana mchana alipigiwa kwa namba ngeni. Sauti ya mwanawe Philipo, aliyeko Dodoma. Kilio cha Philipo. Hata ile namna yake ya kuvuta pua. Amegonga mtu na pikipiki, amekamatwa, itumwe hela upesi. Mzee akauza mbuzi wawili kwa bei ya kutupa, akatuma. Jioni Philipo mwenyewe akapiga kumpa shikamoo. Hajagonga mtu. Hana pikipiki.

Dina, tunayekaa naye masijala, amesema siku hizi kuna akili mnemba. Ukiipa sauti ya mtu, hata kidogo tu, inaongea kama yeye, neno lolote utakalo. Alisema hivyo huku anatafuna karanga. Mimi chai ilinishinda.

Mama hutuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la ukoo kila asubuhi. Kwanza sala, halafu habari za kuku. Dakika tatu kila siku. Hiyo ni sauti ya kutosha kumtengeneza Mama mwingine mzima.

Mimi ni mwoga, hilo sifichi. Naogopa radi, ng'ombe wenye pembe, na wakaguzi. Lakini hii ni hofu ya haki. Baba anasumbuliwa na kifua tangu Pasaka. Mtu akinipigia kwa sauti ya Baba anayeumwa, nitatuma mpaka godoro.

Lazima familia ilindwe. Na nani zaidi yangu? Mimi ndiye niliyesoma.

Jumatano, 4 Juni

Mpango umekamilika. Kurasa tatu, zimechapwa, zina namba ya kumbukumbu. UKOO/01.

Kutakuwa na neno la siri. Anayepiga kwa namba ngeni lazima alitaje. Asipolitaja ndani ya nusu dakika, simu ikatwe. Ikishakatwa, izimwe kabisa na laini itolewe mpaka kesho yake jioni, kwa sababu matapeli hurudia rudia hadi mtu alainike. Na kanuni ya nne, nimeipigia mstari: hakuna msamaha kwa mtu yeyote.

Neno lenyewe: Mughwai. Jina la nyumbani la marehemu babu yangu, baba yake Baba. Kanisani aliandikwa Joseph, kwenye vyeti Joseph. Mughwai haliko kwenye karatasi yoyote duniani. Tapeli atalipata wapi?

Tatizo moja dogo. Kwetu mke hatamki jina la baba mkwe wake. Mama hajalitamka tangu alipoolewa, miaka thelathini na moja. Hata lile la ubatizo halitoki kinywani mwake. Akiwafundisha watoto wa Jumapili habari za Krismasi, Yosefu humwita mume wa Mariamu. Kuna watoto kwetu Sepuka wamefika kipaimara hawajui kwamba yule seremala alikuwa na jina.

Nimelifikiria jambo hili dakika kumi nzima. Nimeamua libaki. Siku ya hatari mtu husahau mila. Na nikimwachia Mama mlango mmoja wazi, matapeli watapita humo humo.

Nimeuweka waraka kwenye kundi la ukoo, watu sitini na mmoja. Dina akauliza kama siri ya watu sitini na mmoja bado ni siri. Nikamweleza kwamba waraka lazima uwafikie wahusika wote, ndiyo maana ya waraka. Akauliza tena, ile namba isiyo na jina, yenye picha ya ua jekundu, ni ya nani? Sijui. Huenda ni wale ndugu zetu wa Rungwa, warina asali, wako wengi na wengine sijawahi kuwaona. Namba hiyo hujibu kila kitu kwa neno moja: Amina. Hata waraka wangu imeujibu Amina.

Tapeli gani anaitikia Amina?

Jumamosi, 7 Juni

Idd. Ukoo mzima tumekula kwa Shangazi Stumai, dada yake Baba, aliyeolewa na Mwislamu hapo hapo Sepuka. Pilau, mbuzi, soda. Nilisubiri watu washibe kidogo, nikasimama na waraka.

Nilisoma ukurasa wa kwanza bila kukatizwa. Kwenye ukurasa wa pili Shangazi aliuliza kama kuna mwenye ndimu.

Kisha akaongea shemeji yangu Chediel, mume wa dada Belinda. Fundi simu. Ana kibanda cha mabati pale sokoni Sepuka na bisibisi sikioni. Akasema, bila hata kuacha kutafuna, kwamba hayo yote hayana haja. Ukipigiwa na namba usiyoijua, kata, halafu mpigie mwenyewe kwa namba yake unayoijua. Ikiwa haipatikani, mpigie mtu anayekaa naye. Basi.

Watu wote wakaitikia. Eti ndiyo hivyo. Wakaendelea kula.

Kurasa tatu! Na yeye kasema sentensi mbili, mdomo umejaa pilau. Njia ya Chediel ni njia ya watu wasio na utaratibu. Haina hata namba ya kumbukumbu.

Shangazi ndiye aliyeigusa habari ya Mama. Alisema, na wifi yangu Emiliana je, atalitamkaje hilo jina? Watu wakacheka. Mama alikuwa anaokota nyama kwenye sinia la watoto, akitafuta laini ya kumpa Baba. Hakuinua uso. Nikasema kanuni ni kanuni, haiangalii mtu.

Baba pekee ndiye aliyeniunga mkono. Amekonda. Shati la kola limekuwa kubwa. Akasema mtoto amekaa chini amefikiri kwa ajili yetu, tumsikilize. Akaomba nakala yake. Akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati.

Wakati naondoka alinisindikiza hadi barabarani, ingawa upepo ulikuwa mkali na nilimwambia arudi. Njiani alisimama mara tatu akajifanya anatazama alizeti za watu.

Jumanne, 10 Juni

Leo majaribio. Nimeazima simu ya Mzee Benjamin, nikafunika mdomo na leso, nikapiga.

Shangazi Stumai: nikasema mimi Noel, niko kwenye matatizo makubwa. Nikasubiri aniulize neno. Hakuuliza. Akasema kwa huruma nyingi, mwanangu, wakikuuliza lile neno, ni Mughwai, usije ukalisahau ukapata tabu. Alama: sifuri.

Baba: alikohoa mara mbili kwanza. Hiyo ndiyo hodi yake. Hakohoi hivyo kwa ugonjwa, ni tangu zamani. Haingii mlango wowote, hata wa nyumbani kwake, bila kukohoa mara mbili ili waliomo wajue, na hata kwenye simu ni hivyo hivyo. Kisha akanitaka neno, nami nikalitaja, naye akalitaja, sauti imenyooka kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Halafu akaniuliza kama nimekula. Alama: mia.

Mama: nikasema, tuseme wewe ndiye unayepiga, taja neno. Nikarudia. Nikasikia kuku, na upepo. Akasema taratibu, "Baba, si unanijua?" Huniita Baba tangu nizaliwe. Nikamwambia Mama, kukujua hakutoshi siku hizi. Akakata.

Alama: hajakamilisha.

Alhamisi, 12 Juni

Nimesikia kutoka kwa Belinda kwamba Chediel amewaandikia wazee namba za watoto wao kwenye kipande cha boksi, kwa kalamu nene, akakitundika ukutani nyumbani kwetu. Pembeni ya picha ya harusi ya Baba na Mama! Hakuomba kibali changu.

Belinda alisema pia kwamba Baba amekohoa damu kidogo. Kidogo tu, amesema, zahanati wamempa dawa, na ameshauriwa kwenda hospitali mjini, lakini anataka alizeti zimalizike kupigwa kwanza. Aliuliza nitakuja lini. Nikamwambia mwisho wa mwezi.

Nilitaka kumpigia Baba. Nikaogopa kusikia anavyohema. Nikatumia muda huo kuboresha kanuni ya pili.

Jumatatu, 16 Juni

Wamejaribu! Leo wamenijaribu mimi mwenyewe!

Naandika kwa mkono wa mshindi.

Saa saba na dakika kumi mchana, namba ngeni. Nikapokea. Sauti ya Mama. Dina alikuwepo, ni shahidi. Sauti ilikuwa ya Mama kabisa, mpaka nywele zilinisimama. Ikalia. Ikasema kwa Kinyaturu, lugha yetu ya nyumbani, kwamba Baba ameanguka kwenye alizeti, wako zahanati, simu yake imebaki nyumbani, ameazima ya muuguzi. Kwa Kinyaturu! Wameshafika huko.

Nikasema, taja neno.

Ikasema, "Baba, usinifanyie hivi. Unajua siwezi." Nikaitazama saa ya ukutani. Nikasema neno, au nakata. Ikasema, "Basi nampa baba yako mwenyewe. Anataka kukusikia. Tangu asubuhi anakutaja wewe tu."

Nikasikia simu inapita mkononi. Kisha kikohozi. Mara mbili.

Wameiga mpaka hicho! Nilitaka kusema shikamoo Baba. Ilifika kwenye ulimi. Lakini nusu dakika ilikuwa imekwisha, sekunde kwa sekunde, na kanuni nimeiandika mwenyewe. Nikakata. Nikazima simu. Nikatoa laini, nikaifunga kwenye karatasi, nikaiweka kwenye droo ya mihuri na kufunga kwa ufunguo.

Dina alikuwa ameacha kutafuna. Akasema, Noel, mpigie hata dada yako. Nikamwambia hiyo ni njia ya Chediel. Akasema atanipa simu yake. Nikamwambia kanuni ya tatu, mpaka kesho jioni. Akasema, "Na kama ni kweli?" Nikamwonyesha daftari la majaribio. Mama halisi angeogopa, na mtu akiogopa hutamka.

Akatoka nje akakaa na Mzee Benjamin.

Mimi nikabaki na raha yangu. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nimeogopa kitu na sikukimbia.

Jumanne, 17 Juni

Saa nne asubuhi pikipiki ilisimama nje ya ofisi. Chediel. Vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Ametoka Sepuka alfajiri, amepita mjini, amekuja moja kwa moja.

Niliogopa nilipomwona. Sijui kwa nini nilifanya nilichofanya. Naona mdomo ulikwenda wenyewe. Nilisimama nyuma ya meza, nikamwuliza neno.

Mtu ninayemfahamu miaka sita. Amevaa koti la Baba.

Akasema, "Noel, panda pikipiki."

Jumatano, 18 Juni

Baba alifariki juzi, saa kumi jioni.

Sina la kuandika.

Alhamisi, 19 Juni

Tumezika. Watu walikuwa wengi, upepo ulikuwa mwingi, mchungaji alilazimika kushika kurasa kwa vidole viwili. Alipofika kwenye historia ya marehemu alisoma kwamba Baba alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Mughwai. Alilisoma kwa sauti kubwa, bila kujali, kama jina lolote. Mama aliinamisha kichwa.

Nilitupa udongo. Nilikuwa mtu wa kwanza, kama mtoto wa kiume. Niliogopa kusogea ukingoni. Chediel alinishika mkanda kwa nyuma asionekane na watu.

Hakuna aliyeniuliza chochote. Shangazi Stumai aliniwekea chakula, akakaa karibu mpaka nikala. Afadhali wangeuliza.

Jumamosi, 21 Juni

Leo tumeanua matanga. Wageni wengi wameondoka.

Asubuhi nilimkuta Mama nyuma ya nyumba anapepeta alizeti zile zile za Baba. Zilizobaki kwenye turubai siku ile. Nikamwamkia, akaitikia. Nikachukua ungo wa pili. Mimi sijui kupepeta, nazimwaga. Alizikusanya nyuma yangu bila kusema.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeandika pembeni mambo ya kusema, kwa mpangilio. Nikasema tu, Mama, siku ile.

Akaendelea kupepeta. Kisha akanieleza, kwa Kinyaturu, sauti ya chini kama mtu anayesimulia habari za kuku. Kwamba alipoona hawezi kulitamka, alifikiri Baba atalitamka, kwa sababu kwake ni jina la baba yake tu. Akamwekea simu sikioni. Baba akapiga hodi yake. Akavuta pumzi, ikamchukua muda kuipata. Akalisema. Lote, mpaka mwisho, vizuri, kama alivyofundishwa kwenye karatasi.

"Ulikuwa umeshakata," Mama alisema. "Nikamwambia umelisikia. Nikamwambia unakuja."

Upepo ulichukua makapi.

Baadaye nikasema, Mama, ungelitamka tu, mara moja, Mungu angekusamehe. Nilisema hivyo! Nimeandika ili nisiweze kukana. Akanitazama, hakukasirika, alinitazama tu kama anavyotazama mtoto mwenye homa. Akasema, "Nitakufa sijalitamka, Baba. Hata ungekuwa wewe ndiye unayekufa. Ndiyo ungejua ni mimi."

Akarudi kwenye alizeti.

Niliukuta waraka wangu kwenye nguo za Baba zilizotoka zahanati. Bado umekunjwa mara nne.

Jumapili, 22 Juni

Kikao cha familia baada ya ibada. Pesa za rambirambi zimebaki. Imekubaliwa zijengee kaburi: saruji, mchanga, nondo, na msalaba wenye jina. Shangazi akapendekeza Chediel atunze. Watu wakaitikia, kama kawaida yao.

Mama akasema akae nazo Noel.

Akasema, ni mwangalifu, hajawahi kupoteza hata kalamu. Zitakaa salama kwake mpaka fundi aanze.

Nilishindwa kumtazama mtu. Chediel ndiye aliyesema sawa wa kwanza. Akanihamishia zote kwenye simu yangu hapo hapo, akanipiga bega.

Nitazilinda. Ee Mungu, nitazilinda kuliko nilivyolinda kitu chochote.

Jumatano, 25 Juni

Nimerudi Mtinko. Dina ameniandalia chai, amenikatia na muhogo. Mzee Benjamin alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema yeye alipoteza mbuzi, hakujua kwamba kuna kupoteza kwa namna nyingine.

Silali vizuri. Nikifumba macho nasikia hodi ile. Mara mbili. Halafu najikuta nahesabu sekunde.

Nimefikiri sana kosa lilikuwa wapi. Nimeupitia waraka mstari kwa mstari. Kanuni zenyewe ziko sawa. Kosa ni kwamba hatukufanya mazoezi ya kutosha. Kama Mama angezoezwa, kama angelitamka hata mara moja wakati wa majaribio, ulimi ungefunguka, na siku ile ningesema shikamoo Baba.

Nimetoa UKOO/02. Nusu dakika imekuwa dakika nzima. Nimeandika pia, kwa heshima zote, kwamba Mama anaombwa kulizoea neno. Chini yake nimeweka taarifa ya rambirambi, kwa ajili ya uwazi: kiasi, kazi yake, na kwamba ziko kwangu.

Kwenye kundi Mama ametuma ujumbe wa sauti wa kuwashukuru watu wote waliozika nasi. Dakika nne. Hakutaja kuku hata mmoja. Hakujibu waraka.

Lile ua jekundu limeandika Amina. Kwenye ujumbe wa Mama na kwenye waraka wangu. Nilifarijika. Nilikuwa nahisi hakuna anayenisoma.

Jumamosi, 28 Juni

Chediel alipiga. Alitaka kujua kama nakula. Kabla ya kukata akasema, bila kejeli, shemeji, siku nyingine mtu akikupigia wewe kata tu, umpigie mwenyewe. Akasema kile kipande cha boksi bado kiko ukutani, na mimi niandike changu.

Nikamshukuru. Ana moyo mzuri. Elimu yake ndiyo ndogo.

Jumatatu, 30 Juni

Naandika machozi yananitoka, na kwa mara ya kwanza tangu msiba ni machozi ya faraja.

Saa nane mchana, namba ngeni. Nikaitazama inaita, nikaitazama, nikasema safari hii sitakosea. Nikapokea. Ni Mama.

Sikuwahi hata kumwuliza. Kabla ya salamu, kabla ya chochote, akasema: "Mughwai."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Mara tatu, bila kusita, jina lote mpaka mwisho. Nikalia kama mtoto hapo hapo masijala. Dina hakuwepo, alikwenda benki. Nilitamani awepo asikie.

Akasema mwanangu, usilie. Kwamba fundi wa kaburi amefika mapema, saruji imepatikana kwa bei nafuu lakini ni leo tu, simu yake imeharibika, nitume kwenye hiyo hiyo namba aliyoazima. Alizungumza Kiswahili kizuri sana, kilichonyooka, kama cha redioni. Nafikiri alikuwa na wageni. Msiba hubadilisha watu. Hata Baba hakuniita, aliniita mwanangu, na nikaelewa: jina la Baba sasa ni la aliyelala.

Saa ya ukutani ilionyesha sekunde arobaini tu. Ndani ya muda.

Nikatuma zote.

Nimeandika kwenye daftari, kwa wino mweusi: Neno limetajwa. Imehakikiwa. Nimegonga na muhuri wa tarehe.

Ameweza. Kwa ajili yangu amevuka kitu alichokibeba miaka thelathini na moja, ili nisije nikakata tena. Nimefikiria kumpigia kwenye namba yake ya siku zote nimshukuru. Nimeacha. Asije akadhani sikumwamini.